Ufuta wa Ruangwa na Nachingwea: Kutoka Kusia hadi Kukung'uta

Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, fedha za mkulima huingia kwa misimu miwili mikubwa: msimu wa korosho, ambazo huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwaka unapokwisha, na msimu wa ufuta, ambao huvunwa Mei na Juni na kupelekwa mnadani wakati korosho za mwaka uliopita zimekwisha kuuzwa na mpya hazijachanua. Mkorosho ni mti wa miongo kadhaa, na kosa la mwaka mmoja laweza kusahihishwa mwaka unaofuata. Ufuta ni mmea wa siku 90 hadi 120 tu, kutegemea aina ya mbegu na hali ya mvua, na kila hatua yake ikipita imepita. Sura hii inazifuata hatua hizo kwa mpangilio wake, lakini haizipi uzito sawa, kwa sababu ufuta wenyewe haudai uangalizi ulio sawa. Mwezi wa kwanza na wiki mbili au tatu za mwisho ndizo zinazoamua karibu kila kitu, na kipindi cha katikati, ambacho asiyeujua mmea huu angekidhania kuwa ndicho chenye kazi nyingi, humtaka mkulima azuie mkono wake zaidi kuliko autumie.

Kitaalamu ufuta huitwa Sesamum indicum. Wanahistoria wa mimea wanakubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba ulianza kulimwa katika bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita, ingawa jamaa zake wengi wa porini wako Afrika, na majani ya baadhi yao ndiyo yanayochumwa na kupikwa mlenda katika sehemu mbalimbali za Tanzania. Mbegu yake ni ndogo mno, kwani mbegu 1,000 huwa na uzito wa takriban gramu 3, lakini karibu nusu ya uzito huo ni mafuta, na mafuta hayo hayachachi upesi kama mengine ya mimea, kwa sababu mbegu ina viambato vya asili, hasa sesamini na sesamolini, vinavyochelewesha kuharibika kwake. Mzizi mkuu wa mmea huteremka chini sana kutafuta unyevu uliobaki ardhini, na hii ndiyo sababu ya sifa ya ufuta kuwa zao la kuvumilia ukame. Sifa hiyo ni ya kweli kwa mmea uliokwisha kukomaa mizizi. Kwa mche wa wiki mbili si ya kweli hata kidogo, na wakulima wengi wamepoteza shamba zima kwa kuiamini mapema.

Hesabu ya ufuta huanzia mwishoni na kurudi nyuma. Mikoa ya kusini mwa Tanzania hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei, na katikati yake, mara nyingi Januari au Februari, huwa na siku kadhaa za jua kali. Kwa kuwa mmea uliokomaa ukinyeshewa huota ukoga, mbegu zake hubadilika rangi na vifuko vyake huanza kupasuka kabla mkulima hajaufikia, sharti la kwanza ni kwamba ukomaaji uangukie katika kiangazi. Anayetaka kukata ufuta wake Mei, akitumia mbegu ya miezi mitatu na nusu, analazimika kusia kati ya katikati ya Januari na katikati ya Februari, baada ya mahindi kupata nafasi yake ya mvua za mwanzo. Akisia Desemba, ufuta utakomaa mvua za Machi na Aprili zikiwa bado zinanyesha. Akichelewa hadi Machi, mvua itakoma wakati maua ya kwanza ndiyo kwanza yanafunga.

Kuchelewa kuna madhara mengine ambayo hayaonekani kwa urahisi. Ufuta ni miongoni mwa mimea inayochanua kwa kuhisi urefu wa mchana, na huharakisha kuchanua mchana unapokuwa mfupi. Katika latitudo ya nyuzi 10 kusini, ambako ndiko ziliko Ruangwa na Nachingwea, mchana wa Desemba hufikia takriban saa 12 na dakika 40, na ule wa Juni hupungua kwa zaidi ya saa moja. Tofauti hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya nchi za kaskazini, lakini inatosha kuufanya mmea uliosiwa mwishoni mwa msimu uchanue ungali mfupi, na kwa kuwa maua hutoka kwenye vikwapa vya majani, yaani pale jani linapoungana na shina, mmea mfupi una vikwapa vichache na mavuno yake ni haba hata kama hakuna mdudu wala ugonjwa ulioushambulia.

Udongo unaoupendeza ufuta ni tifutifu au wa kichanga kiasi, usiotuamisha maji. Hapa hakuna nafasi ya kujaribu bahati: mmea huu unaostahimili jua la wiki tatu hunyauka kwa maji yaliyosimama siku mbili tu, kwa sababu mizizi yake hukosa hewa na kuanza kuoza, na maradhi ya mnyauko hupata mlango. Mabonde ya udongo mzito mweusi, ambayo ni mazuri kwa mpunga, hayafai, na sehemu za tambarare zenye tabia ya kushika maji baada ya mvua kubwa hulimwa kwa matuta au huachwa.

Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, kilichoko Mtwara na ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kimetoa aina za mbegu zinazojulikana kwa majina ya Naliendele 92, Ziada 94, Lindi 02 na Mtwara 09, tarakimu zikionyesha miaka. Soko la nje hupendelea mbegu nyeupe, safi na zenye rangi moja, na mkulima anayechanganya mbegu nyeupe na za kahawia katika shamba moja hupata zao ambalo mnunuzi hulishusha daraja kwa kulitazama tu. Kununua mbegu mpya kila mwaka si lazima, maana ufuta kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe na hubaki na tabia ya mzazi wake kwa misimu kadhaa. Lililo lazima ni kuzichagua mbegu shambani, jambo litakalorudiwa mbele.

Usiaji ndiyo hatua ya kwanza inayostahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu hesabu zake zinafundisha. Nafasi inayopendekezwa ni sentimita 50 kati ya mstari na mstari na sentimita 10 kati ya mche na mche, ambayo hufanya mimea 20 kwa kila mita moja ya mraba, sawa na takriban mimea 80,000 kwa eka. Kilo moja ya ufuta ina zaidi ya mbegu 300,000, hivyo mkulima anayetumia kilo 2 kwa eka anatupa ardhini mbegu mara saba au nane ya mimea anayoihitaji. Ziada hiyo si upotevu mtupu, maana mbegu nyingi huzama mno, nyingine hukauka, na nyingine huliwa na sisimizi, lakini inamaanisha kwamba kazi ya kupunguza miche haiepukiki, na anayeiacha kwa kuionea huruma miche yake anakuwa ameamua kuvuna fito nyembamba zenye vifuko vichache kileleni.

Mbegu husiwa katika vifereji vyenye kina cha sentimita 2 hadi 3, katika udongo uliolainishwa na wenye unyevu, kisha hufunikwa kwa udongo mwepesi. Wengi huchanganya mbegu na mchanga mkavu kabla ya kusia ili mkono uzimwage sawasawa. Hatari kubwa ya siku tano za mwanzo ni mvua kali inayofuatwa na jua, kwa kuwa uso wa udongo huganda na kufanya tabaka gumu ambalo chipukizi, lililo jembamba kuliko uzi wa kushonea, haliwezi kulipasua. Shamba lililopatwa na hali hiyo mara nyingi husiwa upya, na uamuzi wa kusia upya unapaswa kufanywa ndani ya wiki mbili, si baada ya kungoja kuona kama mbegu zitatokeza, kwa kuwa kalenda iliyoelezwa hapo juu haimsubiri mtu.

Baada ya kuota, mche wa ufuta hukaa karibu mwezi mzima ukionekana kana kwamba haukui. Juu ya ardhi hupata majani machache tu. Chini ya ardhi hujenga mzizi. Magugu hayana subira hiyo. Ndago, kwekwe na nyasi nyingine za mashamba ya kale huota siku zilezile na kuupita mche kwa urefu kabla haujafikisha jani la nne, na mche uliofunikwa na kivuli katika wiki hizo hata ukipaliliwa baadaye haurudishi kimo chake kamili. Palizi ya kwanza kwa hiyo inatakiwa ifanyike ndani ya wiki mbili baada ya kuota, na ya pili kati ya wiki ya nne na ya tano. Palizi ya kwanza ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa jembe hupita karibu na mche ambao mpaliliaji anaweza kuung'oa bila kujua, na ndiyo faida halisi ya kusia kwa mistari badala ya kumwaga: katika mstari jicho linajua palipo na ufuta hata usipoonekana vizuri. Upunguzaji wa miche huambatana na palizi hiyo au huifuata mara moja, miche ikiwa na kimo cha sentimita 10 hadi 15 na udongo ukiwa na unyevu, ili kung'oa mmoja kusitikise mizizi ya jirani yake.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo vitabu vingi vya kilimo hulipita, na ambalo kwa Ruangwa na Nachingwea ni zito kuliko swali la mbolea. Wakulima wengi wa ufuta katika mkoa wa Lindi hufyeka msitu mpya wa miombo, huchoma mabaki, hulima msimu mmoja au miwili, kisha huhama. Maofisa wa misitu na mashirika ya uhifadhi wameulaumu ufuta kwa miaka mingi kuwa ni chanzo kikubwa cha kupotea kwa misitu ya vijiji kusini, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini sababu inayotajwa sana, kwamba mkulima anafuata rutuba, ni nusu tu ya habari. Ufuta hauna njaa kubwa ya rutuba. Kinachofuatwa msituni, pamoja na majivu, ni ardhi isiyo na mbegu za magugu: chini ya miti mikubwa nyasi ni chache, moto huunguza zilizopo, na mche dhaifu wa mwezi wa kwanza hupata siku 30 za kukua bila mshindani. Katika shamba jipya palizi moja nyepesi hutosha. Katika shamba la mwaka wa tatu palizi mbili nzito zinahitajika, na zinahitajika Februari, wakati mahindi nayo yanadai jembe. Kaya yenye mikono mitatu huona ni nafuu kufyeka kiangazi, wakati haina kazi nyingine, kuliko kupalilia masika. Hesabu hiyo si ya ujinga hata kidogo, na hakuna katazo litakaloishinda mpaka kazi ya palizi ya kwanza ipunguzwe.

Eneo hili, kwa bahati, limewahi kushuhudia ufyekaji wa aina nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vya mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioendeshwa kwanza na kampuni ya United Africa na kisha na shirika la Overseas Food Corporation, na ambao, pamoja na Kongwa na Urambo, ulikusudia kulima mamilioni ya eka kwa matrekta. Mpango huo uliachwa rasmi Januari 1951 baada ya kuigharimu Uingereza takriban pauni milioni 36, na reli iliyojengwa kuiunganisha Nachingwea na pwani ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yameandikwa mengi kuhusu kiburi cha waliopanga, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya haki. Linalohusu sura hii ni dogo zaidi, nalo ni kwamba kung'oa visiki kulionekana kuwa ndiyo kazi yenyewe, na kalenda ya mmea na mvua ya mahali ikawekwa ya pili.

Wadudu wa mwezi wa kwanza ni wadogo na hawaonekani kirahisi. Walio hatari zaidi kusini ni wadudu wenye mbawa ngumu wanaoruka kama viroboto, ambao hutoboa majani machanga matundu madogo mengi hadi yakabaki kama chujio, na wanaweza kuumaliza mche ndani ya siku chache jua likiwa kali. Baadaye huja viwavi wanaosokota majani ya kilele kwa nyuzi na kula wakiwa ndani yake. Wadudu hao hufahamika kitaalamu kwa jina la Antigastra catalaunalis na wapo karibu kila nchi inayolima ufuta. Kusia mapema kwa pamoja katika kijiji kizima hupunguza madhara ya makundi yote mawili, kwa sababu shamba lililochelewa peke yake ndilo linalopokea wadudu waliozaliana katika mashamba yaliyotangulia. Dawa ya kuua wadudu inapotumika, wakati wenye manufaa ni kabla ya kuchanua. Kiwavi aliyekwisha kujifunga ndani ya majani hafikiwi na dawa ya kunyunyiza, na mkulima anayerudia kunyunyiza mara nne kwa kumfuata huyo anatumia fedha kumnufaisha muuza dawa.

Kati ya wiki ya tano na ya saba mmea hubadilika ghafla. Shina, ambalo lilikuwa limedumaa, hurefuka kwa kasi, matawi hutokeza kama mbegu ni ya aina ya kutanda, na maua ya kwanza, meupe au ya zambarau hafifu na yenye umbo la tarumbeta, hutokea vikwapani. Kila ua hufunguka alfajiri na kudondoka alasiri ya siku hiyohiyo, na kwa kuwa chavua huanguka juu ya stigma wakati ua linafunguka, uchavushaji huwa umekwisha kabla ya saa za joto. Nyuki nao huyatembelea kwa wingi, na wafugaji wa nyuki wanaoweka mizinga kando ya mashamba hunufaika na msimu huu. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hakuna faida kubwa ya kunyunyiza wakati huo, dawa isipigwe asubuhi katika shamba lililochanua. Ikilazimika, ipigwe jioni nyuki wakiwa wamerudi. Uchanuaji huendelea kwa wiki nne hadi sita huku shina likirefuka, na katika muda huo kuingia shambani na jembe ni hasara, maana mizizi ya juu hukatwa na maua huangushwa na nguo za mpaliliaji. Magugu makubwa yaliyobaki hung'olewa kwa mkono. Mmea ambao maua yake yamegeuka vichaka vya majani madogo ya kijani una ugonjwa unaoenezwa na wadudu warukao wanaofyonza utomvu. Hautazaa, hauponi kwa dawa, na unapaswa kung'olewa na kuchomwa. Zaidi ya hayo kipindi hiki hakidai mengi, na mkulima mwenye busara hukitumia kuvunia mahindi yake.

Ugumu wa ufuta hurudi mwishoni, na unatokana na namna unavyokomaa. Kwa kuwa ulichanua kutoka chini kwenda juu, hukomaa kwa mfuatano huohuo: vifuko vya mbegu vya chini huwa vimekauka na kuanza kupasuka wakati vya juu bado ni vya kijani na mbegu zake zina maji. Kila kifuko kina vyumba vyenye mbegu kadhaa, kwa jumla 50 hadi 80 au zaidi, na kikikauka hufunguka kileleni, na upepo au mguso wowote huzimwaga mbegu chini. Tabia hii huusaidia mmea wa porini kujipanda, lakini humwibia mkulima. Akikata mapema, anapata mbegu sinyaa zisizo na mafuta. Akichelewa siku chache, sehemu bora ya mavuno yake, ile ya vifuko vya chini iliyojaa kuliko zote, inabaki ardhini. Mwaka 1943 nchini Venezuela mtafiti Derald Langham aligundua mmea mmoja ambao vifuko vyake havikupasuka kabisa, na ugunduzi huo ulifungua njia ya miongo ya utafiti iliyozaa, huko Texas, mbegu zinazoshikilia punje zake hadi mashine ya kuvunia ipite. Aina hizo ni za kilimo cha mashine. Mashamba ya huku, kama ya Mandawa, Mnacho au Naipanga, huvunwa kwa mundu, na kwa mundu kifuko kinachopasuka chenyewe kina manufaa yake, kwani mbegu hutoka kwa kukung'utwa tu bila kupigwa.

Dalili za kuanza kukata ziko tatu na zinapaswa kuonekana pamoja: majani ya chini yamegeuka manjano na mengi yamepukutika, shina limebadilika kutoka kijani kuwa manjano, na vifuko viwili au vitatu vya chini kabisa vimeanza kufunguka midomo. Kukata hufanywa asubuhi na mapema, wakati umande umevilainisha vifuko na havipasuki kwa mguso. Mimea hufungwa matita madogo, yanayoweza kushikwa kwa mikono miwili, na matita husimamishwa vichwa juu, yakiegemezwa kwenye kichanja, yaani fito zilizofungwa mlalo juu ya nguzo, ili hewa ipite pande zote. Kosa linaloharibu ufuta mwingi katika hatua hii ni kuyalundika matita yangali mabichi. Lundo hupata joto, huvunda, na mbegu hutoka nyeusi na zenye harufu. Hasara hiyo haiwezi kurekebishwa kwa kuanika baadaye.

Baada ya wiki mbili hivi za jua, matita hugeuzwa vichwa chini juu ya turubai na kukung'utwa. Mbegu zilizokauka huanguka zote mara moja, kisha matita hurudishwa kwenye kichanja na kukung'utwa tena siku kadhaa baadaye ili vifuko vya juu vilivyochelewa navyo vitoe chake. Turubai hapa si anasa. Chembe ya mchanga wa Ruangwa ina ukubwa unaokaribiana na punje ya ufuta, na mchanga ukishachanganyika hauondoki kwa ungo wala kwa upepo. Huondoka kwa mashine za viwandani ambazo gharama yake mnunuzi huikata kwenye bei. Wapo wanaodhani kwamba mchanga huongeza uzito na hivyo fedha. Kwa mzigo mmoja huenda ikawa hivyo, lakini ghala likishajulikana kwa ufuta wa mchanga, bei inayotolewa mnadani huwaangukia wote waliopeleka mzigo hapo, waaminifu na wasio waaminifu.

Ufuta uliopepetwa huanikwa tena juu ya turubai hadi unyevu wake uwe takriban asilimia 6 hadi 8, kisha huwekwa katika magunia safi, juu ya vichaga, mbali na dawa za kilimo na mafuta ya taa. Tahadhari hiyo si ya mapambo: sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania huuzwa nchi za nje, zikiwamo China na Japani, na baadhi ya mbegu hizi huliwa zikiwa hazijapikwa vya kutosha kuua vijidudu au kuondoa sumu. Septemba 2020 Ubelgiji ilipobaini masalia ya oksidi ya ethileni, gesi inayotumika kuua vimelea, katika ufuta uliotoka India, bidhaa nyingi ziliondolewa madukani kote Ulaya, na tangu hapo ukaguzi umekuwa mkali zaidi.

Uuzaji katika wilaya hizi hupitia vyama vya msingi vya ushirika, maarufu kama AMCOS, ambavyo viko chini ya chama kikuu cha RUNALI, jina lililoundwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mzigo hupokewa ghalani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupewa hati inayoonyesha uzito na ubora wa mzigo wake, kisha huuzwa kwa mnada, ambao katika miaka ya karibuni umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mfumo huo una makato yanayolalamikiwa na malipo ambayo mara nyingine huchelewa, na ni katika kuchelewa huko ndiko walanguzi wa kangomba, wanaonunua kwa bakuli badala ya mizani na kwa bei waitakayo wao, hupata wateja. Hata hivyo mnada wa wazi umewapa wakulima jambo ambalo bakuli halikuwapa kamwe, nalo ni kujua bei ya siku kabla ya kuachia mzigo.

Mbegu ya msimu ujao haichukuliwi kutoka kwenye gunia. Huchaguliwa shambani kabla ya kukata, kutoka kwenye mimea iliyonyooka, yenye vifuko vingi kuanzia chini, isiyo na dalili ya ugonjwa, na iliyoko mbali na kingo za shamba ambako nyuki huleta chavua ya jirani. Matita yake hufungwa kamba ya rangi tofauti, hukung'utwa peke yake, na mbegu huhifadhiwa katika chombo kikavu kinachofungwa vizuri. Mimea mia chache hutosha kabisa kumpa mkulima mbegu ya eka moja au mbili.

Fedha za ufuta huingia kati ya Juni na Julai, na ufyekaji wa mashamba mapya msituni huanza muda mfupi baadaye, kuanzia Agosti hadi Oktoba. Ushauri kuhusu usiaji wa mistari, palizi ya kwanza na matumizi ya jembe la kukokotwa katika shamba la zamani kwa kawaida huwafikia wakulima Januari, wakati shamba jipya limekwisha kuchomwa na uamuzi umekwisha kufanywa. Maofisa ugani na viongozi wa AMCOS wa Ruangwa na Nachingwea wauhamishie ushauri huo mwezi wa Julai, siku ya malipo, ambapo mkulima ana fedha mkononi za kulipia palizi na bado hajanoa panga.